Kabla Watu Hawajafika

Ratiba nyingi za semina zinafanana. Saa tatu kujiandikisha, saa tatu na nusu mgeni rasmi anafungua, saa nne mada ya kwanza, saa tano chai, halafu mada ya pili, maswali na majibu kwa dakika kumi na tano, chakula, mada ya tatu, neno la shukrani. Kila mstari una jina la mtu atakayesema. Anayeipokea karatasi hiyo mlangoni anajua papo hapo nani ataongea siku nzima, na anajua kwamba yeye kaitwa kusikiliza.

Ratiba ya mwezeshaji hodari ni karatasi ya aina nyingine. Safu ya kwanza ni saa. Ya pili ni swali. Ya tatu inaeleza washiriki watafanya nini: watachora, watapanga kadi, watarekodi, watatembea hadi kisimani na kurudi. Ya nne ni vifaa. Ya tano, ambayo wapangaji wengi huiacha, inataja kitakachokuwa kimepatikana kipindi kikiisha: ramani, orodha, sauti ya dakika tatu, makubaliano ya nani atampelekea mtendaji barua. Jina la mwezeshaji halionekani popote. Nimezisoma karatasi za namna hii kwa miaka, hasa za wale wanaoandaa mikutano ya wanaharakati wa vijijini na mitaani wanaofundishana simu, redio na picha, na heshima yangu kwao inaongezeka. Kazi yao kubwa inafanyika kabla mshiriki wa kwanza hajavuta kiti. Ikifanyika vizuri, watu huondoka wakisema, "Leo tumeongea," bila kumtaja aliyeipanga siku hiyo.

Tuipeleke kazi yao Magindu, kata ya Wilaya ya Kibaha iliyo kusini mwa barabara kuu ya Morogoro, kwenye ukanda wa reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905. Hapa wamo wakulima wa mihogo na mahindi, wamo wafugaji wanaochunga ng'ombe katika pori lilelile, na kwa hiyo habari ya nani kapitisha mifugo wapi ni nzito kuliko nyingi zinazotangazwa kutoka Dar es Salaam. Jirani nao, huko Kwala, kumejengwa bandari kavu. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na vituo vyake vya njiani ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Mambo makubwa ya nchi yanapita karibu sana na watu wa hapa. Kuwakusanya watu arobaini kwa siku mbili wajifunze kurekodi, kuhakiki na kusambaza habari zao wenyewe kwa simu walizonazo ni kazi inayostahili kupangwa kwa uangalifu mkubwa.

Mpangaji mchanga huanza kwa kuandika lengo: washiriki waelewe umuhimu wa teknolojia ya habari katika maendeleo. Sentensi hiyo haina pa kushika. Huwezi kumwuliza mtu aliyetoka shambani asubuhi aifanyie kazi. Mzoefu huanza na swali, na hulitafuta kwa siku nyingi. Analiandika, analisoma kwa sauti, analifuta. Anamwuliza jirani yake asiyehusika, anaangalia kama jibu linakuja haraka au kama jirani anauliza, "Una maana gani?" Swali moja zuri nililowahi kuliona kwenye karatasi za namna hiyo lilikuwa hivi: mara ya mwisho habari iliyokuhusu ilikufikia ikiwa imechelewa, ilichelewea wapi? Hakuna mtu Magindu asiyeweza kulijibu. Bei ya mahindi ilipopanda, yeye alikuwa ameshauza juzi yake. Chanjo ya ng'ombe ilitangazwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na boma lao liko mbali na ofisi. Mkutano wa mipaka ya ardhi ulitangazwa msikitini, na yeye siku hiyo alikuwa mnadani. Majibu hayo yakiandikwa kila moja kwenye kadi yake na kadi zikapangwa chini, unapata ramani ya njia za habari za kijiji: mtendaji, msikiti, kanisa, kijiwe cha bodaboda, kisima, kundi la WhatsApp, mjumbe. Inaonekana wazi pia njia zinakatika wapi. Hapo ndipo simu inapata kazi ya kufanya, na kazi hiyo wamepewa na wenye kijiji.

Nchi hii ina shule ya zamani ya ufundi huu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili vikundi vya wanakijiji vilikaa kuzunguka redio, vikasikiliza kipindi, vikasoma kitabu kidogo kilichoandaliwa kwa ajili yao, vikajadiliana, kisha vikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili, na viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo walikuwa kama 75,000. Kinachonivuta zaidi katika habari hiyo ni namna viongozi hao walivyoandaliwa. Mafunzo yalishuka kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, wilaya na kata, na viongozi walijifunza kuongoza majadiliano, wala hawakugeuzwa kuwa wahadhiri wa afya. Kiongozi hakutakiwa kuwa mganga. Alitakiwa kujua kuuliza, kujua kunyamaza, na kuhakikisha kikundi hakiachani kabla hakijaamua jambo.

Miaka miwili kabla ya kampeni hiyo, Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyepinga elimu ya kumjaza mtu maneno kana kwamba hana akili yake, alikuwa amefika Dar es Salaam. Budd Hall alikuwa akifanya utafiti katika taasisi hiyohiyo, na Marja-Liisa Swantz kutoka Ufini alikuwa akitafuta njia ya kufanya utafiti pamoja na wanakijiji badala ya kuwatafiti. Katikati ya miaka ya 1970 mradi wa Jipemoyo, wa Wizara ya Utamaduni pamoja na Chuo cha Sayansi cha Ufini, ulifanya kazi hiyo magharibi mwa Bagamoyo, wilaya inayopakana na Kibaha, na miongoni mwa walioshiriki walikuwa wafugaji wa Ilparakuyo. Mengi ambayo dunia sasa inayaita utafiti shirikishi yalipikwa katika mkoa huu wa Pwani na katika kumbi za Dar es Salaam. Ndiyo maana huniuma kuona kijana anakuja Kibaha na kitabu cha mbinu kilichochapishwa mbali, akawaeleza wazee maana ya kushiriki. Mzee wa miaka sabini na tano huenda alikaa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya akiwa kijana. Mpangaji makini humtafuta mapema na kumwuliza: mlikuwa mnakaaje? Nani alishika redio? Mkibishana, nani aliamua?

Baada ya swali huja mwaliko, na hapa kazi nyingi njema huharibika bila mtu kugundua. Ukiomba ofisi ikupe majina arobaini utapewa, na yatakuwa ya wale wanaopewa semina zote: mwenyekiti wa kitongoji, wajumbe, mwalimu, mhudumu wa afya, katibu wa kikoba. Ni watu muhimu na ofisi haina ubaya kuwataja. Lakini habari hazichelewi kuwafikia watu hao. Mpangaji hodari huchukua nusu ya majina kutoka ofisini na nusu nyingine huyafuata kwa miguu. Anakwenda kijiweni kwa madereva wa bodaboda, kwa mama lishe, kwenye tanuri la mkaa, bomani kwa wafugaji ambako atatakiwa kwanza kuonana na wazee. Mwingine hutumia njia ninayoipenda sana: kila aliyealikwa anaombwa aje na mtu mmoja ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina yoyote. Katika kijiji hakuna mtu asiyemjua jirani wa namna hiyo.

TGNP, mtandao wa jinsia ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao yake Mabibo, Dar es Salaam, umeujenga uangalifu huu kwa muda mrefu. Una semina za kila Jumatano ambazo mtu yeyote anaweza kuingia, na una vituo vya taarifa na maarifa katika ngazi ya jamii, Kisarawe ikiwa mojawapo ya wilaya zenye vituo hivyo. Wanaofanya kazi hiyo huitwa waraghbishi: watu wanaowachokoza wenzao waseme tatizo, watafute chanzo chake na wachukue hatua. Tamasha la Jinsia la TGNP, lililoanza mwaka 1996, hupata uhai wake kwa sababu wanaokuja Mabibo kutoka mikoani wanakuja na jambo walilokwisha kulichambua huko kwao. Huko Marekani kuna mkutano mkubwa wa vyombo vya habari vya wananchi, Allied Media Conference, ulioanza mwaka 1999 katika mji wa Bowling Green, Ohio, kwa watu wachache waliochapisha vijarida vyao, na tangu 2007 ukahamia Detroit. Nao vipindi vyake huletwa na washiriki wenyewe. Tofauti ya mikutano hii na kongamano la hotelini inaanzia hapo: ajenda imetengenezwa na wale watakaokaa kwenye viti.

Nirudi Magindu, kwa sababu kuna suala la muda. Muda ndio malighafi ngumu kuliko zote katika kazi hii. Masika inapopamba moto, Machi hadi Mei, watu wako shambani na njia ni tope. Ijumaa mchana wanaume Waislamu wataondoka kwa sala, na mpangaji asiyelijua hilo atashangaa kuona kikundi kizima kimesimama katikati ya zoezi. Siku ya mnada hakuna wa kumpata. Mwanamke mwenye watoto wadogo hawezi kufika saa mbili asubuhi, na akifika ataangalia saa kuanzia saa nane akifikiria maji na kuni. Wawezeshaji wana zoezi la zamani la kuchora saa ishirini na nne za siku ya mwanamume na za mwanamke, na wengi hulifanya ukumbini kama somo la jinsia. Mpangaji bora hulifanya nyumbani kwake, wiki tatu kabla, ili ajue warsha ianze saa ngapi. Matokeo yake yanaonekana kwenye ratiba: inaanza saa nne, inaisha saa tisa, chakula kinaliwa na kila mtu pamoja na watoto, na kuna mtu aliyelipwa kuwaangalia watoto hao. Mtu huyo wa watoto ni kifaa cha warsha sawasawa na bango kitita na kalamu rashia. Asipokuwepo, nusu ya kijiji haipo.

Ratiba hiyo pia ina nafasi zilizoachwa makusudi. Zoezi linalohitaji dakika arobaini hupewa sabini. Wageni katika kazi hii huogopa nafasi hizo, huzijaza mada nyingine au vichangamshi vya kupiga makofi na kuruka. Mimi nimeona kwamba maneno mazito husemwa katika dakika ya hamsini, wakati wanaopenda kuongea wamekwisha kuongea, na mama aliyekaa ukingoni mwa mkeka anasema, "Mimi naona sivyo hivyo." Mpangaji aliyebana muda hawezi kumsikia, maana wakati huo anawaita watu kwenye chai.

Mahali nako kuna ufundi wake. Chini ya mwembe pana hewa na pana mazoea ya mikutano, lakini kioo cha simu hakionekani juani, na upepo huingia kwenye sauti zote zinazorekodiwa. Darasani pana kivuli, ila madawati yamefungamana na yanawageuza watu wazima kuwa wanafunzi. Kwa hiyo mpangaji hugawa siku: mazungumzo chini ya mti, viti kwenye duara, kazi ya simu ndani ya chumba, madawati yakiwa yametolewa nje tangu jana. Anauliza umeme. Anahesabu soketi, anakuja na ekstensheni mbili na paneli ndogo ya jua, kwa sababu kufika saa sita simu zitakuwa zimeanza kuzima. Anajaribu kila kalamu kwenye karatasi, maana kalamu iliyokauka huvunja kipindi. Anakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa na kumwomba mtu asimame mbele aongee kwa sauti ya kawaida. Anafanya haya peke yake jioni, na hakuna atakayemshukuru kwayo. Ni kama mpiga ngoma anavyoipasha ngozi moto kabla ya kuanza kupiga: wachezaji wanasikia mlio tu, na mlio umetokana na ule moto.

Sasa simu zenyewe. Tuseme kati ya watu arobaini kuna simu janja kumi, zilizobaki ni vitochi, na wengine hawana. Mwalimu wa kawaida atasema wenye simu janja watoe simu zao, wengine watazame. Mpangaji ninayemsifu hugawa watu wanne wanne, simu moja kwa kila kundi, na kuweka sharti: mwenye simu ndiye wa mwisho kuishika. Mmoja anashika na kurekodi, mmoja anauliza, mmoja anajibu, mmoja anasikiliza. Baada ya dakika tatu wanabadilishana nafasi. Sharti hilo moja, lenye maneno yasiyozidi kumi, limebeba falsafa yote ya kazi hii. Mkono uliozoea hufanya kazi haraka, na mkono mgeni haujifunzi chochote kwa kutazama. Mwenye simu akilazimika kusubiri, inabidi aeleze kwa maneno, na kwa kueleza anagundua asichokijua. Bibi ambaye hajawahi kugusa kioo anabonyeza kwanza kwa nguvu, kisha anajua kwamba kinataka kuguswa tu.

Nafasi ya msikilizaji ndiyo iliyonipendeza kuliko zote nilipoielewa. Anafumba macho. Kazi yake ni kusikia inachokisikia maikrofoni ya simu: jogoo, pikipiki, mlango, upepo, mtu wa kundi jirani anayecheka. Halafu anawaelekeza wenzake wasogee ukutani, simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, muulizaji asiseme "ehee, ehee" juu ya maneno ya anayejibu. Bila neno moja la kitaalamu, watu wanne wamejifunza kurekodi sauti inayofaa kurushwa redioni. Redio za jamii, kama ile ya Orkonerei iliyoanzishwa Terrat, Simanjiro, mwaka 2002 kwa ajili ya wafugaji wa Kimaasai, zinahitaji sauti kama hizo kutoka mahali ambako mwandishi hafiki.

Kuhakiki habari hufundishwa vilevile kwa kitu wanachokijua. Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupata ujumbe usemao, "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mwezeshaji hauelezi utapeli. Anauliza: uliupata lini, na ulijuaje kwamba ni uongo? Mmoja atasema hakuwa na deni na mtu. Mwingine atasema jina lililotajwa si la ndugu yake. Wa tatu atasema alimpigia kaka yake kwanza kwa namba ya siku zote. Majibu yakiandikwa kwenye bango, kanuni za kuhakiki habari yoyote zimekwisha kuandikwa na washiriki: nani kaleta, amejuaje, kwa nini ananiharakisha, nimwulize nani mwingine. Kisha wanasikilizishwa sauti iliyozagaa kwenye makundi kuhusu ugonjwa wa mifugo, na wanaipitisha kwenye kanuni zao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu anayechapisha taarifa za uongo, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilianza kudai leseni na ada kwa wanaoendesha blogu, redio na televisheni za mtandaoni. Mtu anayefundishwa kusambaza bila kufundishwa kuhakiki amewekwa hatarini, na aliyemfundisha hivyo hajamtendea haki.

Kwa sababu hiyohiyo karatasi ya mpango huwa na mstari kuhusu yasiyorekodiwa. Kundi linakubaliana mapema: sura ya mtoto haitapigwa, mgonjwa haonyeshwi, anayesimulia mgogoro wa ardhi anaulizwa mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya kujisikiliza, maana mtu akisikia sauti yake mwenyewe huweza kubadili mawazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, lakini wawezeshaji wazuri walikuwa na adabu hii kabla ya sheria. Ninaipenda ile ridhaa ya pili. Inaongeza nusu saa kwenye siku, na mpangaji ameitenga hiyo nusu saa.

Kwenye mambo yanayochoma, maneno ya moja kwa moja yanaweza kuwa mzigo mkubwa mno kwa msemaji. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilielewa hilo miaka ya 1980 walipofanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo Malya, na baadaye Msoga, hapa Pwani. Wanakijiji walichambua matatizo yao, wakayatia katika ngoma, majigambo na michezo mifupi, wakayaonyesha hadharani, kisha wakajadili. Huko Malya mimba za wanafunzi na ukosefu wa kazi kwa vijana viliingia uwanjani namna hiyo. Binti aliyeshindwa kusimama mkutanoni aliweza kusema akiwa ndani ya mhusika. Mpangaji wa warsha ya simu anayeijua historia hii haandai mahojiano ya moja kwa moja kuhusu wakulima na wafugaji siku ya kwanza asubuhi. Anawaomba wafugaji waigize wakulima na wakulima waigize wafugaji, bila simu hata moja kuwashwa, na anawaachia wachague lugha, Kikwere, Kizaramo, Kimaasai au Kiswahili, akiwa ameshapata mapema wakalimani kutoka miongoni mwao.

Kisha picha hurudi kwa wenyewe. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, watengeneza filamu wa bodi ya taifa ya filamu waliwarekodi wavuvi, wakazirudisha filamu kuonyeshwa kwa wavuvi hao kijiji kwa kijiji, na baadaye kwa viongozi wa serikali. Miaka ya 1990 kitu kama hicho kilifanyika Mtwara na Lindi, katika mpango wa maendeleo uliofadhiliwa na Ufini. Wavuvi waliochoshwa na uvuvi wa baruti walizungumza mbele ya kamera, wakatazama, wakabishana, wakazungumza tena, na video zikatumika kuwafikishia viongozi hoja zao. Wavuvi hao walikuja kuwa na chama chao, Shirikisho, cha kupigana na baruti. Katika mpango wa warsha hili hutokea kama kipindi cha mwisho wa siku: spika moja, simu moja, watu wote pamoja, kila kundi linasikiliza kazi ya kundi jingine. Wapangaji dhaifu hukiita kipindi hiki cha kufungia. Wenye ujuzi hukiweka mwisho wa siku ya kwanza, ili siku ya pili ibaki kwa ajili ya kurekebisha.

Posho nitaigusa kwa ufupi. Nauli na chakula vilipwe, tena mapema, na kiasi kitajwe kwenye mwaliko. Mtu aliyeacha kibarua cha siku mbili ana haki ya kujua. Mashaka kuhusu bahasha hukaa vichwani mwa watu tangu asubuhi na kula akili zao.

Saa kumi na mbili jioni washiriki wamekwenda. Wawezeshaji wanabaki watatu au wanne, pamoja na wawakilishi wawili waliochaguliwa na washiriki, na ratiba ya kesho iko mezani. Tuseme asubuhi makundi yalichora ramani ya maji, na lambo likatokea mahali pamoja kwenye ramani ya wakulima na mahali pengine kwenye ramani ya wafugaji, huku njia ya mifugo ikikosekana kabisa kwenye moja ya ramani hizo. Ratiba ya kesho inasema saa nne ni somo la kuhariri sauti. Aliyeliandaa somo hilo alilifanyia kazi wiki mbili, ana mifano yake tayari kwenye simu. Analitazama, anachukua kalamu, analikata, na juu yake anaandika: saa nne, wawili wawili, mkulima na mfugaji, simu moja kwa kila wawili, kwa miguu hadi lamboni, warekodi wanachokubaliana na wasichokubaliana, kuhariri kusogezwe baada ya chakula, au kuachwe. Halafu anampigia mama anayepika, kumwambia chai iwe tayari kabla ya saa nne.